Benchi la Katumbo

Mama yangu alizikwa mwishoni mwa mvua, na kabla udongo wa kaburi haujakauka vizuri, Abbé, padri wa parokia yetu, akanipigia simu kuniambia kwamba kapela ya Lwamusha, kanisa dogo la kijiji chetu, itabomolewa. Machimbo yamekaribia, kijiji kimeshahamishwa karibu chote, na kila mwamba unapolipuliwa nyufa za ukuta zinaongezeka. Abbé ni kijana, amesoma, na ana huzuni ya kweli juu ya majengo ya zamani. Alitaka mtu aandike jinsi kapela ilivyokuwa, matao yake, dari yake, habari za walioijenga, kabla haijawa kifusi. Alisema ameuliza watu wengi waliokulia kule na wote wamemtajia mtu mmoja. Muulize Ngoie, walimwambia, yule anaijua tofali kwa tofali. Nilimshukuru, nikakubali, nikakata simu, kisha nikabaki nimekaa jikoni nikiona haya, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Wote waliomtajia jina langu walijua kwa nini ninaijua kapela ile vizuri namna hiyo. Abbé peke yake ndiye hakujua.

Basi nianze na jengo lenyewe, kama nilivyoombwa. Kapela iko kwenye mwinuko mdogo nyuma ya mashamba ya mihogo, na mtu akitoka Kapata, mtaa wa kampuni ya machimbo, kwa miguu alfajiri anafika jua likiwa limeshapanda. Aliyeichora alikuwa padri mzungu ambaye wazee wetu walimkumbuka kwa ndevu zake na kwa ubishi wake. Alitoka nchi ya baridi, akataka kujenga kapela ya kijiji cha kwao, ambayo yenyewe ilikuwa ya kale sana, ya wakati watu wa kule walikuwa hawajajifunza kujenga makanisa marefu yenye ncha. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinene na cha mviringo. Kuta zilikuwa nene hata mtoto angeweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha akajinyoosha. Madirisha yenyewe yalikuwa madogo na ya juu kama ya ghala, kusudi theluji isiingie. Wazee walicheka kila walipofika hapo, theluji ya Lwamusha. Lakini katika joto la mwezi wa kumi, wakati mabati ya nyumba zetu yalikuwa yanalia juani, mle ndani palikuwa na ubaridi wa mtungi, na hakuna aliyecheka tena.

Matofali yalitoka kwenye kichuguu. Si kichuguu cha kuruka kwa mguu, bali kimoja cha vile vya nchi yetu, kikubwa kuliko nyumba, chenye miti juu yake. Mafundi walikikata upande mmoja, wakakanda udongo wake unaoshika vizuri, wakafyatua matofali, kisha wakachimba shimo katika kile kilichobaki wakakifanya tanuru, wakachomea humo humo. Matofali yaliyokuwa karibu na moto yalitoka meusi yenye wekundu kwa mbali, ya pembeni yakatoka rangi ya kiazi kitamu kilichopikwa. Walipofika kwenye matao, mafundi waliyapanga moja jeusi moja jekundu bila kuambiwa na mtu, kwa kupenda tu. Padri alikasirika, akaangalia, mwishowe akasema kwamba hata kwao hufanya hivyo. Dari ni tao moja refu kutoka mwisho hadi mwisho, lililojengwa juu ya kiunzi cha magogo. Siku ya kuondoa magogo hakuna fundi aliyetaka kuvuta la kwanza. Padri akachukua kiti, akakaa katikati chini ya dari na kitabu chake cha sala, akawaambia wavute. Kilichoanguka ni vumbi na mjusi mmoja.

Jambo lisilo la kawaida katika kapela ile ni kwamba ina ncha mbili, na zote mbili ni za duara. Upande wa mashariki ukuta unajipinda na kufunikwa na nusu ya kuba, na hapo ndipo altare ilipo. Upande wa magharibi, mahali ambapo makanisa mengine yana mlango mkubwa, kuna mpindo mwingine kama huo, mdogo zaidi, unaotazamana na ule wa kwanza. Mlango uko ubavuni. Padri alitaka huo mdogo uwe wa ubatizo, mtoto aanzie magharibi na aishie mashariki. Lakini watu walipenda kuona watoto wao wakibatizwa, wakahamishia maji mbele, na ule mpindo ukabaki mtupu. Watu waliuita Katumbo, tumbo dogo. Baadaye wazee wa kapela waliweka humo benchi refu lenye kufuata ukuta, na benchi hilo likawa la wale waliokuwa wamezuiwa kukomunika, yaani kupokea komunyo, hasa wasichana waliobeba mimba bila ndoa. Sheria ilikuwa kwamba msichana awe ameshakaa kabla watu hawajaingia, asitoke kabla hawajatoka, na asiongee na mtu humo ndani, mpaka mtoto atakapozaliwa na kubatizwa. Kama hakuja, mtoto hakubatizwa. Nilikaa kwenye benchi hilo karibu mwaka mzima.

Habari za mwanamume sitazileta hapa. Alikuwa mwalimu wa kushika nafasi ya mwingine kwa muhula mmoja, hakuwa mtu mbaya, na muhula ulipoisha alirudi kwao. Baba alisema maneno machache tu. Nihame nyumba, niende kwa dada yake Kapata, na mpaka mtoto abatizwe hakuna mtu wa nyumba yake atakayesema nami wala kunipelekea chakula. Mama alikuwepo akisikia. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na aliendelea kuchambua. Nilibeba nguo zangu kwenye ndoo, nikapita mbele ya wanawake wenzake waliokuwa kisimani, nao wakaacha kuongea mpaka nilipopita.

Tantine, ndivyo tulivyomwita shangazi, alikuwa na nyumba ya kampuni, moja katika mistari ile ya Kapata ambapo kila nyumba inafanana na jirani yake, na mtu akilewa anagonga mlango usio wake. Mume wake alikuwa karani, mtu wa kukunja gazeti kwa uangalifu. Nililala katika chumba cha nyuma pamoja na magunia ya makaa, na ukuta kati yangu na sebule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilisikia kila mgeni akiuliza habari zangu kwa sauti ya chini. Tantine hakuwa na maneno matamu. Aliniwekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, na siku nyingine samaki wadogo wakavu, akasimama juu yangu mikono kiunoni. "Ngoie, kula," alisema. "Ile haya utaisikia kisha ya kula." Siku moja nilimsikia akimwambia jirani kupitia uzio, "Miye sina na kazi ya kuchunga mutu. Lakini ule mutoto analiaka sawa vile paka, hana sauti." Sikujua kwamba alinisikia. Kuanzia siku hiyo nikawa ninaona haya hata ya kulia.

Kila Jumapili niliondoka Kapata giza likianza kufifia ili nifike kabla ya watu. Wakati huo mle ndani palikuwa na watu wawili tu. Mama alikuwa ndiye mshika vitambaa vya altare, heshima kubwa kwa mwanamke wa Lwamusha, kwani kati ya wanawake ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kupita uzio wa mbao na kuingia katika ule mpindo wa mashariki. Pamoja naye alikuwa Mama Kabwe, rafiki yake, mwembamba, mchekeshaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuleta maji mpaka kwenye uzio. Niliingia, nikainamisha kichwa, nikaenda Katumbo, nikakaa katikati ya benchi. Mama hakugeuka. Niliona mgongo wake na kilemba chake cheupe, na nilimsikia akikamua tambara.

Nilimsikia, ndiyo. Hilo ndilo nililoligundua katika wiki za mwanzo, na nilidhani naota. Mpindo mkubwa ulichukua kila sauti ndogo, ukaitupa juu ya dari ile ndefu, na mpindo mdogo ukaidaka na kuiweka masikioni mwangu, wazi kama mtu aliyekaa karibu nami. Katikati ya kapela watu hawakusikia kitu. Mimi nilisikia watumishi wa misa wakigombania nani atapiga kengele. Nilisikia Tata Kyungu, katekista wetu, mtu mkali mwenye sauti ya ngoma, akimnong'oneza mwenzake kwamba viatu vipya vinamuua. Sikio langu lilikuwa mbele hata kama mwili wangu ulikuwa nyuma ya wote, na nakiri kwamba jambo hilo lilinifurahisha. Saa nyingine nilitabasamu, kisha nikaona haya kwa kutabasamu mahali pale. Saa zilizobaki nilizitumia kuangalia ukuta, tofali jeusi, tofali jekundu, ufa unaoanzia dirisha la tatu, mahali ambapo fundi alikosea akaweka meusi mawili pamoja. Ndivyo nilivyoijua kapela.

Tumbo lilikuwa limeshaonekana wazi siku wazee wa kapela walipobaki baada ya ibada. Niliambiwa ningoje kwenye benchi kwa sababu ni mambo yanayonihusu. Walikusanyika mbele, karibu kabisa na altare, wakaongea kwa sauti ya chini kwa heshima, au ili nisisikie. Tata Kyungu ndiye aliyeanza.

"Mama Ngoie, bantu banasema. Mama mwenye kushika bitambaa bya altare, na mutoto wake iko mu Katumbo. Tutafanya namna gani?"

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mtu akimwita vingine. Nilisikia pumzi yake, nilisikia akilamba midomo.

"Basi musiniite tena Mama Ngoie," alisema mama. "Muniite Marita. Ule mwenye iko kule kinyuma, mu hii kapela hana mama."

"Sawa," akasema Tata Kyungu. "Basi bitambaa bitabakia kwako."

Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Walitoka kwa mlango wa ubavuni, mama akiwa wa mwisho, akiwa amebeba vitambaa kifuani. Mimi nilibaki nimekaa. Nimeona haya mara nyingi maishani, ya umaskini, ya kutojua Kifaransa mbele ya waliosoma, ya mwili kuzeeka. Haya ya siku ile ilikuwa ya aina yake, kwa sababu nilimwonea mama yangu haya kuliko nilivyojionea mwenyewe. Alinibadilisha kwa vitambaa. Sikumwambia mtu, hata Tantine, aliyeniuliza jioni ile kwa nini nimeacha bukari.

Jumapili iliyofuata nilifika kabla ya watu kama kawaida, nikakaa katikati, nikasikia tambara likikamuliwa, na nikaona siwezi. Nikasogea mwisho wa benchi. Sauti ikakatika, kana kwamba mtu amefunga mlango. Ile kapela ilisema na katikati ya benchi tu. Ukisogea kidogo, unabaki na minong'ono ya kawaida ya watu na kuku wa nje. Nikakaa pale pembeni siku zote zilizobaki. Nilimwona mama kila Jumapili akiwa ameelekea ukuta wa duara nyuma ya altare, amenipa mgongo, anasugua mahali pamoja, karibu na uso wake, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilijiambia, tazama anavyosugua matofali ya kanisa kama sufuria, yule asiye na mtoto.

Mwanangu alizaliwa wakati wa kiangazi, tukamwita Banza. Padri alipopita kwenye ziara yake alimbatiza, na nikaruhusiwa kutoka Katumbo. Baada ya misa watu walikuja kunishika mkono, hata wale wa kisimani. Mama alikuja wa mwisho. Alinyoosha mikono kumpokea mtoto, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayengoja kitu. Nikampa mtoto, nikasema, "Mumupokee, Mama Marita."

Aliangalia chini. Mama Kabwe, aliyekuwa kando yake, aliacha kucheka. Mama akasema polepole, "Aksanti," akamfunika Banza na kitambaa chake. Na kwa jina hilo nilimwita maisha yake yote. Watu wengine walirudi kumwita Mama Ngoie baada ya miezi michache, mambo ya wazee yalisahauliwa. Mimi sikurudi. Nilimhudumia, nilimpikia, nilimpeleka hospitali, nilimwogesha alipokuwa hawezi kusimama, na nilimwita Mama Marita mpaka mwisho. Majirani walidhani ni mapenzi tu, utani wa mama na binti. Aliitika kila mara. Hakuniuliza kwa nini hata siku moja, nami nilichukulia kutouliza kwake kuwa ni kukubali kosa.

Misa ya mwisho ya Lwamusha ilisomwa Jumapili iliyopita. Banza alinipeleka kwa gari lake la kazi. Njia imekuwa pana kwa ajili ya malori, na kwenye kijiji nyumba nyingi hazina tena mabati. Tulikuwa watu wachache, wengi wetu wenye mvi, tukiangalia nyufa kuliko tulivyomwangalia Abbé. Baada ya misa walileta chakula nje, bukari, kuku, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye ndoo, na mimi nikabaki ndani na kalamu yangu kuandika ukubwa wa matao. Mama Kabwe akaja akanishika mkono. Amekuwa mdogo sana, macho yake hayaoni vizuri, lakini mdomo ni ule ule.

"Ngoie," alisema, "weye ulikuwaka unamujibu nini?"

"Nani, mama?"

"Mama yako. Siku zile alikuwaka anasema na weye, pale ku ukuta."

Nikamwambia hakusema nami. Hakusema nami mwaka mzima, baba alikataza.

"Ku nyumba hakusema," akasema Mama Kabwe. "Hapa alisema. Kila siku ya yenga, siku ya misa, kutoka ile siku bakubwa balimuuliza. Anaweka midomo ku matofali, anafanya sawa vile anasugua. Mi nilimuuliza, Mama Ngoie, unasema na ukuta? Akanijibu, Ngoie iko anasikia. Akasema, miye pia nilikaaka mu Katumbo, Ngoie akiwa mu tumbo yangu, mbele ya baba yake kuleta mali ya kunioa. Nilisikiaka kila kitu."

Niliuliza mama alikuwa anasema nini. Mama Kabwe alitikisa kichwa. Alikuwa nyuma ya uzio na ndoo yake, hakusikia vizuri, maneno yalikuwa ya chini. Mwanzo wake tu ndio aliujua kwa sababu ulikuwa mmoja kila mara. "Ngoie, ni miye mama yako." Halafu mengine, mengi, na mara nyingine analia. Nikamuuliza kwa nini basi mama alinikana mbele ya wazee. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto asiyeelewa. "Balitaka kumutoa ku altare. Bangemutoa, angesema na weye wapi?"

Sijui kama ndiyo sababu yote. Mama alipenda heshima yake, namjua, na inawezekana alishika vitambaa kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine. Lakini Mama Kabwe hakuwa amemaliza. Alisema siku ya ubatizo, baada ya mimi kumwita Marita, mama alirudi ndani kukunja vitambaa, akakaa chini kwenye sakafu nyuma ya altare. Akamwambia, "Kabwe, alisikia yote. Na jibu yake ndiyo ile." Hakuwahi kupataja tena mahali pale.

Mama Kabwe alikwenda nje kula. Niliweka kalamu. Nilifungua uzio wa mbao, ambao sikuwahi kuupita katika maisha yangu, nikaingia nyuma ya altare. Kwenye ukuta wa duara, chini kidogo ya uso wangu, kwani mama alikuwa mfupi, kuna matofali machache yaliyolainika na kupauka kuliko mengine. Nililazimika kuinama. Nilifikiri juu ya siku zote nilizomwogesha, na yeye akiamini kwamba mikono ile ilikuwa ya mtu aliyesikia kila neno lake na kulikataa. Nikaweka mdomo kwenye tofali, nikasema kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri, "Mama Ngoie, sikusikia. Nilikuwa nimesogea."

Upande wa pili wa kapela Banza, aliyekuwa ameingia kukimbia jua, alikuwa amekaa Katumbo katikati ya benchi na sahani yake. Akainua kichwa.

"Mama," aliita, "unasema na nani?"

Nilibaki nimeinama pale ukutani, mdomo bado kwenye tofali.